Wengi ni wa wakala, kiwanda kimeshauzwa: tawi letu lina haki ya kudai mkataba wa hali bora?

Swali limetoka kwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi mkoani Morogoro. Ameandika: "Kiwanda chetu kilikuwa cha umma, kikauzwa. Kila siku tunaingia getini watu 310. Walio kwenye malipo ya kiwanda ni 128, wakiwemo wakuu wa idara 9. Wengine 182 wameletwa na wakala. Wanachama wetu ni 71, wote wa kiwanda. Tulipoomba kukaa mezani kujadili mkataba wa hali bora, yaani mkataba wa jumla wa mishahara na masharti ya kazi kati ya chama na mwajiri, meneja rasilimali watu alitupa majibu mawili. La kwanza, sisi ni 71 kati ya 310, hatuna wingi. La pili, siku hizi ni soko huria, mshahara ni makubaliano ya mtu na mwajiri wake, mambo ya mikataba ya jumla yalikwisha na mashirika ya umma. Ni kweli? Na wakikataa kabisa, tugome?"

Ndugu katibu,

Meneja wenu anataka kula huku na huku. Siku ya mshahara wale 182 si watu wake, waende kwa wakala. Siku ya likizo na matibabu, vilevile. Lakini siku mlipobisha hodi kudai kutambuliwa, ghafla wamekuwa watu wake, tena wamehesabiwa upande wa pili wa mizani ili nyie muonekane wachache. Achague moja. Kama ni wa wakala, hawaingii kwenye hesabu yenu. Kama ni wa kiwanda, basi ana deni la kuwaeleza kwa nini hawako kwenye malipo ya kiwanda. Nimeona majadiliano mengi yakifia hapohapo, kabla mtu hajataja shilingi moja, kwa sababu tawi lilikubali kubishania mshahara wakati bado halijabishania nani anahesabiwa.

Tuanze na hesabu hiyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 67, inakipa haki ya kuwa wakala pekee wa majadiliano (yaani msemaji pekee wa wafanyakazi mezani, si wakala wa ajira) chama kilichosajiliwa chenye wanachama walio wengi katika kundi husika la wafanyakazi wa mwajiri. (Namba ninazotaja ni za sheria ilivyotungwa. Mkishika toleo lililofanyiwa urejeo, hakikisheni namba kabla ya kuandika barua. Na sheria hii ni ya Bara, Zanzibar wana zao.) Wingi huo ni zaidi ya nusu tu, hauhitaji theluthi mbili. Wakuu wa idara walio kwenye uongozi wa juu hawaruhusiwi kuwa katika chama kimoja na wafanyakazi wa kawaida, kwa hiyo watoeni. Mnabaki na 119. Nusu yake ni 59 na ushee, nyie mko 71, karibu asilimia 60. Wingi mnao.

Lakini wingi huo uko kwenye karatasi gani? Swali hili huwaumbua viongozi wengi wa matawi. Mtu akikupigia makofi kwenye mkutano wa Ijumaa si mwanachama. Mwanachama ni yule aliyejaza na kusaini fomu ya TUF 6 ya kukubali kukatwa ada, na makato yake yakaonekana kwenye hati ya mshahara. Mwajiri akishapokea fomu hizo ana siku 30 za kuanza kukata, na akishakata anatakiwa kuzifikisha fedha kwa chama ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. Akichelewa bila sababu ya msingi, kila siku inaongeza asilimia 5 ya deni. Waulizeni viongozi wa kanda mara ya mwisho walidai asilimia hiyo lini. Pitieni majina yote 71, moja baada ya jingine: nani amestaafu, nani amehamia kwa wakala, nani fomu yake haina saini. Mkibaki 66 bado mnao wingi, ila mjue hivyo nyie kabla upande wa pili haujawaambia.

Baada ya hapo chama kinampelekea mwajiri notisi kwenye fomu maalumu, na mwajiri ana siku 30 za kukutana nanyi ili kufikia mkataba wa kutambuana. Akikaa kimya au akikataa, suala linakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA. Usuluhishi ukishindikana, Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi ndiyo inayoamua, na inaweza kuagiza kura ipigwe kazini. Meneja hana kura ya turufu popote katika mlolongo huo.

Sasa jibu lake la pili, kwamba soko huria limefuta mikataba ya jumla. Hapa amegeuza historia kichwa chini miguu juu, na inafaa kueleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu hata wafanyakazi wenyewe, hasa wazee, huamini hivyo.

Zama za mashirika ya umma hazikuwa zama za majadiliano huru. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, lililokuwa limeongoza migomo mikubwa katika miaka ya 1950, lilivunjwa. Mahali pake ikawekwa NUTA, chama kimoja kwa sheria, Katibu Mkuu wake akiteuliwa na Rais. Katibu Mkuu wa kwanza, Michael Kamaliza, alikuwa wakati huohuo Waziri wa Kazi. Tafakari hilo: anayedai na anayedaiwa sera ni mtu mmoja, mezani kakaa peke yake. Mwaka 1967 ikaja Mahakama ya Kudumu ya Kazi, na makubaliano ya mishahara yakawa lazima yapitie huko yapimwe kama yanalingana na sera ya mapato ya Serikali. Mfanyakazi alipata kitu kikubwa, sikatai: Sheria ya Usalama wa Kazi ya 1964 ilimzuia bosi kumfukuza mtu asubuhi kwa kuwa ameamka vibaya, na Mwongozo wa TANU wa 1971 ulimpa mfanyakazi lugha ya kumkemea meneja mwenye kiburi, hata kukawa na wimbi la migomo na mameneja kufungiwa nje. Ila mshahara ulipangwa juu. Chama kikawa zaidi mpeleka taarifa kuliko mpatanaji. NUTA ikawa JUWATA, JUWATA ikawa OTTU mwaka 1991, ada ikiendelea kukatwa upende usipende.

Wakati huohuo uchumi ulishaanza kubadilishwa. Mpango wa kufufua uchumi na makubaliano na IMF ni wa 1986. Tume ya kurekebisha mashirika ya umma, PSRC, ikaanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1990, na viwanda vikauzwa kimoja baada ya kingine. Sheria mpya ya vyama vya wafanyakazi ikapitishwa 1998, ikaanza kutumika Julai 2000, shirikisho jipya la vyama, TUCTA, likaundwa 2001. Sheria ya ajira tunayoizungumzia ilipitishwa 2004, ikaanza kutumika mwishoni mwa 2006, na CMA ikafungua milango 2007.

Umeona pengo? Viwanda viliuzwa kwanza, haki ya kujadiliana kwa mfumo mpya ikafuata zaidi ya miaka kumi baadaye. Katikati hapo mwenye mali mpya alikuta chama kilichozoea kulelewa, mikataba ya zamani iliyokufa na shirika lililoisaini, na wafanyakazi waliotishwa na wimbi la kupunguzwa. Akajiwekea desturi zake: vibarua, mikataba ya miezi mitatu mitatu, wakala. Sheria ilipofika, ilikuta watu wameshakaa. Kwa hiyo meneja wenu akisema mikataba ya jumla ni mambo ya zamani, mwambieni kwa adabu kwamba haki anayoikataa ilitungwa kwa ajili ya soko huria lenyewe. Serikali ilipoacha kupanga mshahara wa kila kiwanda, ilitakiwa mtu mwingine aupange, na sheria ikasema watu hao ni wawili, mwajiri na chama. Kilichobaki mikononi mwa Serikali ni kima cha chini. Kima hicho nacho msikitegemee: kwa viwanda na biashara kiliwekwa shilingi 115,000 kwa mwezi mwaka 2013 na hakikusogea hadi Januari 2023, kilipofika 150,000. Miaka tisa na nusu! Anayengoja amri ya mishahara bila mkataba wa hali bora amejiweka mikononi mwa kalenda ya mtu mwingine.

Mkishatambuliwa, mwajiri analazimika kujadiliana kwa nia njema. Analazimika pia, kwa kifungu cha 70, kuwapa taarifa mnazohitaji ili mjadili kwa maana, isipokuwa siri zinazoweza kumdhuru sana na mambo binafsi ya watu. Ombeni kwa maandishi: hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, jumla ya malipo ya wafanyakazi, kiasi cha uzalishaji kwa mwezi, saa za ziada zilizofanyika, na fedha anazolipwa wakala kwa kila kichwa. Hiyo ya mwisho ni tamu. Mara nyingi hugundulika kwamba anacholipwa wakala kwa mtu mmoja hakipungukii sana mshahara wa mwajiriwa wa kiwanda, ila kinachomfikia mtu mwenyewe ndicho kimepungua. Kampuni ikisema "tuna hasara", hiyo si hoja ya kufunga mkutano. Ni hoja ya kufungua makabrasha.

Kuhusu mkataba wenyewe, kosa ninalokutana nalo kila mara ni tawi kusherehekea kunakili sheria. Nimeshika mikataba yenye kurasa ishirini, jalada limechapwa vizuri, ndani imeandikwa likizo siku 28, uzazi siku 84, saa ya ziada mara moja na nusu. Hayo mnayo hata msiposaini chochote. Kila kifungu kiwekeni pembeni mwa sheria, na kisichozidi sheria msikihesabu kama ushindi.

Chukueni malipo ya kuachishwa kazi. Sheria inatoa mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, ukomo miaka 10. Mzee wenu wa zamu aliyeanza enzi za shirika, mwenye miaka 22 kazini na mshahara wa 260,000, siku yake ni kama shilingi 10,000 akifanya kazi siku sita kwa wiki. Kisheria anaondoka na 700,000. Miaka 12 imepotea hewani. Mkijadili siku 15 bila ukomo wa miaka, huyohuyo anaondoka na 3,300,000. Mwajiri hatoi hata senti leo, kwa hiyo kifungu hiki hupita kwa urahisi kuliko nyongeza ya mshahara, na siku ya kupunguzwa kitamfanya afikirie mara mbili. Ningekuwa mezani ningekipigania mapema, wakati kila mtu bado ana tabasamu.

Kwenye mshahara, jihadharini na asilimia. Asilimia 10 kwa msaidizi wa mashine mwenye 180,000 ni 18,000. Kwa msimamizi mwenye 900,000 ni 90,000. Mkutano utapiga makofi, na mwakani mwanya kati yao utakuwa mpana zaidi. Kiwango sawa kwa wote, tuseme 40,000, kinampandisha wa chini kwa asilimia 22 na wa juu kwa asilimia 4 na ushee. Wasimamizi watanuna, nao ni wanachama wenu, kwa hiyo mara nyingi mnaishia kuchanganya vyote viwili. Hilo mlimalize wenyewe tawini. Msiende kulijadili mbele ya mwajiri.

Na someni maneno. Kifungu kinachosema "mishahara itapitiwa pale hali ya kampuni itakaporuhusu" hakina thamani ya wino wake, kwa sababu anayeamua hali imeruhusu ni kampuni. Andikeni tarehe: "Ifikapo tarehe 1 Aprili kila mwaka pande mbili zitakutana, na nyongeza itakayokubaliwa italipwa kuanzia tarehe 1 Julai hata kama majadiliano yatamalizika baada ya hapo." Maneno hayo ya mwishoni ndiyo yanayomnyima mtu faida ya kuvuta miguu. Usafiri wa zamu ya usiku, chakula, matibabu ya familia na gharama za msiba viandikwe kwa kiwango au kwa namna ya kukipata. Neno "kadiri iwezekanavyo" lifuteni popote mtakapolikuta.

Mkataba ukishasainiwa unawafunga wote walio katika kundi lile, hata asiye mwanachama, mradi chama ndicho wakala pekee anayetambuliwa. Nakala inawekwa kwa Kamishna wa Kazi. (Jirani zetu Kenya wao wanausajili mahakamani ndipo uanze kufanya kazi. Sisi unafunga tangu saini ya mwisho, isipokuwa wenyewe useme vinginevyo.) Kwa kuwa wasio wanachama nao wanakula matunda, sheria inaruhusu kukubaliana na mwajiri wakatwe ada ya uwakala, isiyozidi ada ya wanachama, ikaingia akaunti ya peke yake na kutumika kwa maslahi ya wafanyakazi wa hapo kazini tu. Ushauri wangu: msikimbilie. Wapeni mwaka mmoja wauone mkataba, wengi watajaza fomu wenyewe. Anayekatwa kwa nguvu mwezi wa kwanza ndiye atakayekuwa shahidi wa mwajiri siku wingi wenu ukihojiwa. Na utahojiwa: chama kikipoteza wingi, mwajiri anaweza kukipa notisi ya miezi mitatu kiurudishe, la sivyo anaondoa utambuzi. Kwa hiyo rejista haifungwi kabatini siku ya kusaini.

Turudi kwa wale 182, kwa sababu wao ndio mustakabali wenu mpende msipende. Kanuni za mwaka 2014 za mawakala binafsi wa ajira ziliwakataza mawakala kuwa waajiri wa watu wanaowatafutia kazi. Makampuni mengi yakabadili jina la mchezo: wakala akawa "mkandarasi wa huduma", anafunga mkataba wa kupakia, kusafisha au kufungasha, na watu ni wake. Pengine huyo wenu ni wa namna hiyo. Mtazameni kazini siyo kwenye makaratasi. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inachukulia mtu kuwa mwajiriwa wa anayemfanyia kazi ikiwapo hata dalili moja kati ya kadhaa: anasimamiwa namna ya kufanya kazi, amepangiwa saa, ni sehemu ya shughuli ya mwajiri, amefanya kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu, anamtegemea huyo kwa riziki, anapewa vifaa vyake. Kama msimamizi wa kiwanda ndiye anayewapanga zamu na mashine ni za kiwanda, hoja ya kwamba ni wafanyakazi wa kiwanda ina miguu.

Lakini angalieni mpangilio. Mkiianza hoja hiyo leo na mkashinda, kundi linakuwa 301 na wingi ni 151. Mna 71. Mtakuwa mmempa meneja hesabu yake kwa mikono yenu. Tambulikeni kwanza kwa 119. Kisha mkataba wa kwanza uwe na kifungu cha kuzuia nafasi ya mwajiriwa anayestaafu kujazwa na mtu wa wakala, na kingine cha kumwajiri aliyefanya kazi ileile kwa muda mtakaokubaliana. Wakati huo wale 182 waandikisheni uanachama kimyakimya, wakijua kwamba kwa sasa mwajiri wao kwenye karatasi ni mwingine. Najua inauma kuwaacha nje mwaka wa kwanza watu mnaokula nao mihogo ya jioni getini. Njia nyingine mnakosa wote.

Na mgomo? Kwanza, kukataliwa kutambuliwa kunakwenda CMA na mahakamani, kama nilivyoeleza. Mgomo ni kwa mgogoro wa maslahi, mfano nyongeza ya mshahara, na njia yake ni ndefu: suala lipelekwe CMA, siku 30 za usuluhishi zipite bila mwafaka, chama kipige kura na walio wengi kati ya waliopiga waafiki, kisha mwajiri apewe notisi ya saa 48. Wakati wa mgomo halali mwajiri haruhusiwi kuleta watu wa kujaza nafasi zenu. Nyie nanyi hamruhusiwi kusimama getini kuzuia wengine wala kuwafungia viongozi ndani. Kwa hali yenu, mgomo wa watu 71 kiwandani penye watu 182 wa wakala wanaojua mashine zilezile utazaa kesi ya nani amejaza nafasi ya nani, na wakati kesi inasikilizwa uzalishaji utaendelea. Silaha hiyo bado haina risasi. Mgomo wa kienyeji ndio mbaya zaidi: kushiriki mgomo usio halali ni kosa la kinidhamu, na ingawa mwajiri anatakiwa kuwasiliana na chama na kutoa onyo la mwisho kabla ya kufukuza, nimeona watu wakipoteza miaka ishirini ya kazi kwa asubuhi moja ya hasira.

Akitishia kupunguza watu kwa sababu mmedai mkataba, kupunguza nako kuna utaratibu: atoe notisi, aeleze sababu, ajadiliane na chama kinachotambuliwa kuhusu namna ya kuepuka, vigezo vya kuchagua na malipo. Msipokubaliana, suala linakwenda kwenye usuluhishi kabla hajapunguza mtu. Aliyeachishwa ana siku 30 tu za kufungua shauri CMA. Migogoro mingine ni siku 60. Watu wengi wenye haki hukwama hapo, wakisubiri "tuone kwanza".

Kwa wiki hii: pitieni majina, pelekeni orodha na fomu kwa katibu wa chama wa mkoa, notisi iandikwe kwa jina la chama na siyo la tawi. Ipelekwe kwa mkono masjala ya kiwanda, nakala yenu igongwe muhuri au isainiwe na aliyepokea, pamoja na tarehe. Wakikataa kuipokea, itumeni kwa rejista ya posta na mtunze stakabadhi. Siku 30 zinahesabiwa kutoka tarehe hiyo.